MJUSI WA PEMBA: JIBU LA SWALI LA BAIOLOJIA, ACHANENI NA GALAPAGOS

Niko Ipole, Sikonge. Huku kwetu ni miombo na asali, bahari tunaisikia kwenye habari za misafara ya Tabora na Bagamoyo tu. Lakini kila mwaka madogo wa fomu foo wananijia na mada ya mageuko, na kila mmoja amekariri Darwin na Galapagos. Kwani hapa nyumbani hakuna mfano? Upo, tena mzuri. Someni.

1. NI MJUSI GANI?
Jina la kitaalamu ni Phelsuma parkeri, lilitolewa na Arthur Loveridge mwaka 1941. Ni jamii moja na mjusi kafiri wa ukutani kwenu, ila huyu ni wa kijani na anatembea mchana, kwenye migomba na minazi. Asili yake ni Pemba tu, dunia nzima.

2. KWA NINI PEMBA, UNGUJA HAPANA?
Jibu liko chini ya maji. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 60. Miaka 20,000 hivi iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi. Maana yake ulikuwa unatembea kwa mguu mpaka Unguja! Ndio maana kule kulikuwa na chui, na paa nunga yupo.
Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Bahari ilishuka, Pemba ikabaki kisiwa vilevile. Chui hakuna, ila kuna popo mkubwa wa Pemba na spishi nne za ndege ambazo asili yao ni hapo tu.

3. SASA ALIFIKAJE?
Ndugu zake wengi wako Madagaska. Maelezo ya wataalamu ni kwamba mababu walivuka bahari juu ya miti inayoelea, na mkondo wa maji unaopita kaskazini mwa Madagaska unakuja moja kwa moja pwani yetu.
Mnabisha? Kuna mwingine, Cryptoblepharus africanus, anayeishi kwenye mawe ya ufukweni Afrika Mashariki. Ndugu zake wengi wako Australia na visiwa vya Pasifiki. Utafiti wa DNA uliochapishwa 2006 ulionyesha kuwa ukoo huu nao ulisambaa kwa kuvuka bahari.

4. KWENYE MTIHANI UANDIKEJE?
- Wachache wanafika kisiwani.
- Bahari inawatenga na wenzao, hawazaliani tena.
- Wenye sifa zinazofaa pale wanazaa zaidi, vizazi vinapita, inatokea spishi mpya.
Usiandike mjusi "aliamua" kubadilika, utakosa maksi.

Na wadau wa Pemba, mkimuona kwenye mgomba msimtupie jiwe. Mjusi kafiri akiisha Ipole, Tabora mjini wamejaa. Huyo wenu akiisha Pemba, ndio basi tena.