Laana ya Kyando na Mifupa Iliyokosa Makazi

Kila ifikapo tarehe 29 Oktoba, mahujaji hukusanyika Kyando, wilayani Mayuge, alipouawa Askofu James Hannington mwaka 1885, na hapo hufufuka ile hadithi kwamba umaskini wa Busoga ni laana iliyotokana na damu yake.

Safari yake ni mashuhuri. Alitoka Rabai mwezi wa Julai, akaipita nchi ya Wamasai, akamwacha shemasi wake Mwafrika, William Jones, kwa Sundu, yaani Mumias ya leo, naye akashika njia ya magharibi pamoja na wapagazi wapatao 50 hata kwa Chifu Luba, aliyemtia kifungoni. Kabaka Mwanga, aliyekwisha ingiwa na hofu kwa ule uaguzi kwamba watakaoinyakua Buganda watatokea mashariki, akaamrisha auawe.

Lakini la ajabu zaidi lilitukia baada ya mauti, nalo latuhusu sisi wa Lumino, kwa kuwa nchi yetu ya Samia imelala baina ya Busoga na Mumias. Imepokewa kwamba Wasoga, wakiiona maiti ile kuwa nuksi, waliitoa katika mipaka yao, na mifupa ikahamahama bila ya mtu kuikubali, hata ilipofika kwa Mumia, mtawala wa Wanga, ambaye aliisitiri. Sitiri hiyo, iliyotoka kwa mtu asiyekuwa Mkristo, kwangu mimi yastahili kutajwa katika kila ibada ya Kyando. Mwaka 1892 Askofu Alfred Tucker akaichukua mifupa mpaka Namirembe, ikazikwa tarehe 31 Disemba, na Mwanga yule yule akahudhuria maziko.

Malale yalipozuka mwanzoni mwa karne ya 20, yakaangamiza watu kwa malaki kandokando ya ziwa, na serikali ikawahamisha waliosalia, wengi waliona kwamba laana imetimia. Mbung'o ndiye aliyeyaeneza, wala hapana haki kuwatwisha wajukuu wa Luba hukumu iliyotolewa na Mwanga huko Mengo, makao ya Kabaka.

Linalonisikitisha ni kwamba wanaobishana juu ya laana humtaja marehemu mmoja tu. Wale wapagazi waliouawa pamoja naye, nao ni karibu wote, kwani ni wachache mno waliookoka, husimuliwa kwa idadi, bila ya jina. Kanisa la Busoga na lile la Mombasa lingefanya jambo jema kupekua daftari za misheni za Rabai na Freretown, ili majina yatakayopatikana yachongwe Kyando kando ya jina la askofu wao.