Dawa Juu ya Dawa: Historia ya Kidonge cha Pili



Mwaka 2004 nilirudi Unguja kwa likizo nikamkuta ami yangu, mgonjwa wa skizofrenia tangu ujana wake, ana kifuko cha nailoni kimejaa vidonge: haloperidoli, Artane, karbamazepini, na Valium ya usiku. Mkono unamtetema, majina ya wajukuu yamemtoka. Nikamuuliza mkewe, hivi vyote vya nini? Akanijibu: "Hicho kimoja cha maradhi, vyengine vya hicho kimoja." Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma historia hii.

Inaanzia Paris mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, Jean Delay na Pierre Deniker walipotangaza matokeo ya klopromazini. (Aliyewafungulia njia ni Henri Laborit, daktari wa upasuaji, na sifa alizopata ni chache mno.) Haukupita muda wagonjwa wakaanza kukakamaa na kutetema. Mwaka 1954 Hans Steck wa Lausanne akaeleza kuwa hali ile inafanana na ugonjwa wa Parkinson. Cha ajabu, wako mabingwa walioona ndiyo dalili kwamba dawa imeingia! Haase, Mjerumani, akiupima mwandiko wa mgonjwa: herufi zikianza kudogoka, basi dozi imetosha.

Hapo ndipo Artane ilipopata kazi mpya. Ikawa inaandikwa hata kwa asiyetetema, eti kinga. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani likasema isitolewe hivyo kwa mazoea, manake inafunga choo na kuvuruga kumbukumbu, hasa kwa wazee.

Karbamazepini nayo huongezwa kumtuliza mwenye fujo. Kumbe inalichochea ini liiondoe haloperidoli upesi! Mgonjwa akichafukwa, dozi inapandishwa. Akitetema, Artane inaongezwa. Sasa bwana, hapo kinachotibiwa ni nini?

Sisemi kila nyongeza ni kosa. Mwenye huzuni nzito juu ya maradhi yake huenda akahitaji dawa yake. Lakini kwa walioshindikana ipo klozapini: mwaka 1988 John Kane na wenzake, Marekani, walionyesha imewasaidia 30% ya wagonjwa, klopromazini 4% tu. Ila inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwani Ufini mwaka 1975 walikufa wagonjwa 8 kwa kuishiwa chembe nyeupe. Pasipo na maabara ya kuaminika, kidonge cha tatu ndicho rahisi.

Ami alibahatika kupata daktari mwengine, akakaa naye kukichambua kifuko. Karbamazepini ikapunguzwa kidogo kidogo, na haloperidoli ikashushwa pamoja nayo. Kisha Artane. Valium haikutoka, ameizoea miaka mingi, kila ikiguswa halali. Idi iliyofuata nilimpigia simu, akaniulizia wanangu kwa majina. Alimruka mmoja tu.