Tisa Ilipokuwa Kenda

Kuna ubishi mmoja ambao haukosi kila Kiswahili kikitajwa: hii ni lugha ya Kiarabu ama ya Kiafrika? Mmoja anarusha maneno yake: kitabu, salamu, dunia, rafiki. Mwingine anamjibu: mtu, maji, mti, moto. Wanapigana mpaka usiku, na kila mtu analala na msimamo aliokuja nao. Wote wamehesabu, lakini hakuna aliyesema anahesabu nini.

Kwa watu wa Pwani, swali hili halijawahi kuwa la mchezo. Enzi ya mkoloni, serikali ilitenga "wenyeji" na "wasio wenyeji", na kundi uliloandikwa liligusa kodi yako na nafasi yako ya kuwakilishwa. Mwarabu alihesabiwa upande mmoja, Mwafrika upande mwingine, na Mswahili akabaki kuvutwa huku na huku. Wakati huo huo, vitabu vingi vya historia vilisimulia kwamba miji ya mawe ya Pwani ilijengwa na wageni, na lugha ikaletwa mbele kama shahidi: si unaona maneno yao yamejaa humo?

Basi tumhoji huyo shahidi. Mimi niliacha chuo bila kumaliza, kwa hivyo takwimu za lugha nimejifunza kwa daftari, kalamu na kamusi ya kuazima. Kwa kuanzia, hivyo vinatosha.

Anza na namba. Moja hadi kumi: sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu, zile saba zingine ni za Kibantu. Hiyo ni asilimia 30 Kiarabu. Sasa endelea: ishirini, thelathini, arubaini, mpaka tisini. Zote nane ni Kiarabu. Asilimia 100. Hamia mwilini: kichwa, jicho, sikio, pua, jino, ulimi, mkono, mguu, moyo, damu. Kiarabu hapo ni damu peke yake. Asilimia 10. Malizia serikalini: katiba, sheria, haki, mahakama, hakimu, wakili, wizara, raia, taifa, rais. Asilimia 100 tena.

Ila hapo mwisho nimekuchezea. Nimeacha nje kiongozi na uchaguzi, maneno ya Kibantu kabisa, ili namba yangu itoke safi. Hivyo ndivyo hesabu inavyopikwa: kujumlisha ni sawa, lakini sampuli imechaguliwa na mtu aliyekwisha kujua anataka jibu gani.

Tatizo hili lilimshughulisha Mmarekani Morris Swadesh. Mwaka 1949 alipoteza kazi yake City College, New York, akituhumiwa kuwa mkomunisti, na baadaye akahamia Mexico, ambako alifia mwaka 1967. Wazo lake lilikuwa rahisi: usiokote maneno popote. Tengeneza orodha moja, itumie kwa kila lugha, na uijaze vitu ambavyo kila binadamu anavyo, kama mimi, wewe, jicho, maji, moto, kufa. Maneno ya sokoni na ofisini huazimwa haraka. Ya mwilini na jikoni hukawia kutoka. Mwaka 1952 alitoa orodha ya maneno kama 200, na mwaka 1955 akaipunguza hadi 100. Pitisha Kiswahili kwenye orodha hiyo utakuta maneno machache ya kuazima, kama damu na samaki, katikati ya Kibantu kingi.

Swadesh hakuishia hapo. Willard Libby alikuwa ameonyesha jinsi ya kupima umri wa mabaki kwa kaboni, na Swadesh akataka saa kama hiyo ya lugha. Alikadiria kwamba katika miaka 1000 lugha hubaki na maneno 86 kati ya yale 100. Lugha mbili zilizoachana miaka 1000 iliyopita zingebaki na maneno kama 74 ya pamoja, kwa sababu 86 ya 86 kwa mia ni 74.

Mwaka 1962, Knut Bergsland na Hans Vogt waliijaribu saa hiyo kwa lugha ambazo historia yake imeandikwa. Kiaislandi na Kinorwe zina mzazi mmoja, lakini Kiaislandi kilikuwa kimetunza maneno mengi kuliko saa ilivyotaka, na Kinorwe kimebadilika haraka zaidi. Saa ikaanguka. Orodha yenyewe ikabaki, kwa kazi ndogo zaidi.

Kazi iliyobaki ilihitaji kusikiliza sauti pia. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walichapisha kitabu kuhusu Waswahili wa kati ya miaka 800 na 1500, na mwaka 1993 Nurse na Thomas Hinnebusch wakaenda ndani zaidi, wakiweka Kiswahili katika familia ya Sabaki pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na lugha za Komoro. Ushahidi wao unaweza kuupima ukiwa Kilifi. Kiswahili kikisema maji, Mgiriama husema madzi. Mji ni mudzi. Jina ni dzina. Sauti ile ile, neno baada ya neno. Neno moja linaweza kufanana kwa bahati ama kwa kuazimana. Mpangilio mzima haufanani hivyo.

Halafu urudi kwenye zile namba. Mijikenda maana yake ni miji tisa, na kenda lilikuwa pia neno la Kiswahili kabla tisa haijalisukuma pembeni. Saba nayo? Fungate, siku saba za maharusi baada ya ndoa, limehifadhi namba ya zamani. Mgiriama bado anahesabu fungahe. Biashara ya bahari ilileta namba mpya na wenyeji wakazipokea, lakini zile za zamani zimebaki kwenye jina la watu na kwenye chumba cha maharusi. Hata kitabu, kilipoingia, kilipewa wingi wa nyumbani: vitabu.

Ubishi huu sasa umefika mjini. Watu wanasema Sheng ni Kiingereza kilichovunjika, na mfano hawakosi. Chukua "ameniblock". Ukihesabu neno zima kwa shina lake, ni Kiingereza, asilimia 100. Ukilikata vipande, a-me-ni-block, vinne, vitatu ni vya Kibantu, na ndivyo vinavyosema nani, lini na nani katendwa. Kwa hivyo akija mtu na asilimia kuhusu unavyoongea, kabla ya kubishana naye, mwambie akuonyeshe orodha.