Ramani ya Daktari Mitchell

Mwaka 1755 ilichapwa London ramani ya karatasi nane. Ukiziunganisha zinaziba ukuta: karibu mita mbili kwa upana, zaidi ya mita moja kwa kimo. Kichwa chake kilitangaza milki za Waingereza na Wafaransa katika Amerika ya Kaskazini. Aliyeichora, John Mitchell, hakuwa mpima ardhi. Alikuwa tabibu na mpenzi wa mimea, mzaliwa wa Virginia, aliyehamia Uingereza mwaka 1746 baada ya afya yake kudhoofika.

Bodi ya Biashara ya Uingereza ilimpa ramani na taarifa zilizotoka makoloni, maana ilitaka hoja ya kuwakabili Wafaransa. Akaitoa kwa rangi. Virginia, Carolina na Georgia hazikomi milimani. Zinauvuka mto Mississippi na kuendelea magharibi, ambako Waingereza hawakuwa na hata kijiji. Hata ushindi wa vita wa Wairokwoi, wenyeji wa bara hilo, aliugeuza kuwa haki ya mfalme wa Uingereza. Ilikuwa shauri la kudai ardhi, limevikwa vazi la elimu.

Kisha vita vikageuza mambo. Wafaransa walishindwa, makoloni yakaasi, na mwaka 1782 wajumbe wa Uingereza na Marekani wakakutana Paris kugawana bara. Iliyotandazwa mezani ilikuwa ramani ya Mitchell. Nakala moja, yenye mpaka uliopigwa kwa wino mwekundu, ilikuwa ya Mfalme George wa Tatu na ingali imehifadhiwa London. Wenyeji hawakuwa na mjumbe hata mmoja, na mkataba wa 1783 hauwataji kabisa.

Unakitaja, hata hivyo, kisiwa cha Phelipeaux katika Ziwa Superior. Kisiwa hicho hakipo. Mitchell alikinakili kutoka ramani ya Kifaransa ya 1744, na jina lake ni la ukoo wa waziri mmoja wa Ufaransa.

Kosa lililogharimu zaidi liko pembeni juu, kushoto. Hapo Mitchell aliweka ramani ndogo ya Ghuba ya Hudson, nayo ikafunika eneo ambako alidhani Mississippi unaanzia. Wajumbe wakaandika kwamba mpaka utoke Ziwa la Woods, uende magharibi moja kwa moja hadi uukute mto huo. Mto hauko huko; chanzo chake kiko kusini zaidi. Mwaka 1818 ilibidi mstari mwingine ushushwe kutoka pembe ya ziwa hadi latitudo ya nyuzi 49.

Mstari huo ulikata kipande cha ardhi na kukiacha upande wa pili wa ziwa. Hadi leo ni sehemu ya jimbo la Minnesota, lakini mtu akitaka kufika kwa gari lazima apite Kanada. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mali ya wenyeji, Waojibwe wa Red Lake.