Maji ya Mpakani: Nani Mwenye Njia?

Juma hili tunakupeleka kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, kwenye mpaka na Kanada, mahali ambapo barabara hukoma na msafiri hana budi kushika kafi. Eneo hilo huitwa Boundary Waters, yaani Maji ya Mpakani. Lina maziwa zaidi ya 1,000 yaliyotawanyika katika msitu wenye ukubwa wa zaidi ya ekari milioni moja, na ng'ambo ya mpaka linapakana na hifadhi ya Quetico ya jimbo la Ontario. Ndege haziruhusiwi kuruka chini chini juu yake, na katika sehemu kubwa ya maji yake mota ni marufuku. Wengi wa wasikilizaji wetu wanaoishi Minneapolis na Saint Paul wako umbali wa saa chache tu za gari kutoka hapo.

Mgeni anapofika huamini kwamba ameingia katika pori ambalo halijapata kuguswa na mtu. Historia inasema vingine. Pori hilo lilikuwa njia kuu ya wasafiri kwa karne nyingi, na ukimya wake wa leo ulipatikana kwa mikataba, sheria na ugomvi mkubwa. Swali lililozusha ugomvi huo lilikuwa lile lile katika kila zama: nani ana haki ya kupita katika maji hayo, na kwa chombo gani?

Wa kwanza kuzifungua njia hizo walikuwa wenyeji wa asili, na kwa karne za karibuni hao ni watu wa kabila la Ojibwe. Nchi yao ni ya mawe na maziwa, na maziwa yenyewe hayakuungana yote. Baina ya ziwa na ziwa kuna vipande vya nchi kavu, vingine vya hatua chache, vingine vya mwendo wa saa nzima. Kwa hiyo chombo chao kilipaswa kuwa na sifa mbili: kiweze kumbeba mtu majini, na mtu aweze kukibeba nchi kavu. Mtumbwi wa kuchongwa kwa gogo usingefaa. Waojibwe waliuunda wao kwa gome la mti wa mbetula, ambalo ni jeupe, jepesi na huchunika kwa kipande kirefu. Mataruma na mbavu zilitengenezwa kwa mti wa jamii ya mwerezi, vipande vya gome vikashonwa kwa mizizi ya msonobari, na viungo vikakalafatiwa kwa utomvu wa miti uliochanganywa na mafuta ya wanyama na unga wa mkaa. Mtumbwi ukitoboka safarini, dawa yake ilipatikana katika mti wa karibu.

Waojibwe walivitumia vyombo hivyo kuvua samaki, kutembeleana na kuvuna manoomin, mpunga mwitu unaoota katika maji ya kina kifupi. Mtu mmoja huusukuma mtumbwi taratibu kwa upondo, na mwenzake huinamisha mabua na kupukutisha punje chomboni. Vijia vya nchi kavu walivyovikanyaga, ambavyo katika makala haya tutaviita vipito, ndivyo vinavyotumiwa na watalii hadi leo.

Katika karne ya 17 na ya 18 wakaja wafanyabiashara wa Kizungu. Ulaya ilikuwa ikitamani kofia zilizotengenezwa kwa manyoya ya biva, mnyama wa majini ajengaye mabwawa kwa miti. Makampuni ya Montreal yaliutwaa mtumbwi wa gome na kuukuza. Mkubwa kuliko yote ulifikia urefu wa mita 11 na kuchukua tani tatu au zaidi za shehena. Mabaharia wake, wengi wao Wafaransa wa Kanada, waliitwa voyageurs, yaani wasafiri. Kwenye vipito waligeuka wapagazi. Kila mzigo ulikuwa na uzito wa takriban kilo 40, na desturi ilikuwa mtu kubeba miwili kwa mara moja, huku ukanda wa ngozi ukiwa umepita kwenye paji la uso. Kipito kilichoogopwa zaidi ni Grand Portage, chenye urefu wa karibu kilomita 14 kutoka Ziwa Superior hadi Mto Pigeon. Msikilizaji anayezijua habari za misafara ya Bagamoyo na wapagazi wake hatahitaji kuelezwa zaidi jasho hilo lilikuwa la namna gani.

Biashara ile ilipoanza kufifia, yakabaki mabishano ya mpaka. Marekani na Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Kanada, zilishindana kwa miaka mingi juu ya mahali ambapo mstari ungepita magharibi ya Ziwa Superior. Suluhu ilipatikana mwaka 1842 katika mkataba uliotiwa saini na Daniel Webster kwa niaba ya Marekani na Lord Ashburton kwa niaba ya Uingereza. Mstari ulichorwa kufuata njia ya mitumbwi, kisha likawekwa sharti lisilo la kawaida: mapito yote ya maji kwenye mstari huo, pamoja na vipito vya kawaida na kile cha Grand Portage, yawe huru na wazi kwa raia wa nchi zote mbili. Njia ya mtumbwi ikawa haki iliyoandikwa katika mkataba wa kimataifa.

Waliozichonga njia hizo hawakuwa mezani. Mwaka 1854, katika mkataba wa La Pointe, Waojibwe waliikabidhi serikali ya Marekani ardhi ya kaskazini-mashariki mwa Minnesota, wakibakiza haki ya kuwinda na kuvua katika ardhi hiyo. Upande wa Kanada ulifuata kwa mkataba wa mwaka 1873. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, na mwenyeji akabaki kuhesabu alichobakiziwa.

Hapa, msikilizaji, historia hii inavuka bahari na kulifikia bara letu. Mwaka 1870 Kanali Garnet Wolseley wa jeshi la Uingereza aliongoza wanajeshi wapatao 1,200 kutoka Ziwa Superior kwenda Mto Red, akipita katika maji ambayo sasa yamo ndani ya hifadhi ya Quetico. Mashua zake ziliendeshwa na wenyeji wa asili na voyageurs, naye hakuusahau ustadi wao. Mwaka 1884, akiwa sasa jenerali, alitumwa kumwokoa Charles Gordon aliyezingirwa Khartoum na jeshi la Mahdi. Wolseley aliamua kupanda Mto Nile kwa mashua, akaomba Kanada impelekee watu waliozoea maporomoko. Walikwenda karibu 400, wakiwemo Wamohawk wa Caughnawaga karibu na Montreal na Waojibwe wa Manitoba. Waliziongoza mashua katika maporomoko ya Nile huko Nubia. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885, siku mbili kabla ya kikosi cha kwanza cha waokoaji kuwasili. Louis Jackson, kiongozi wa Wamohawk hao, alirudi nyumbani na mwaka huo huo akachapisha kitabu kidogo juu ya safari yao. Ustadi uliozaliwa katika maziwa ya kaskazini ulikuwa umeajiriwa katika vita vya dola, mbali kabisa na vipito vyake.

Turudi Minnesota. Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt alitangaza Msitu wa Taifa wa Superior, na mwaka huo huo Ontario ikaitenga Quetico. Hatari mpya ilikuwa motokaa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakubwa wa miji ya jirani walitaka barabara ziyafikie maziwa mengi kadiri iwezekanavyo. Arthur Carhart, mtaalamu wa kupanga mandhari katika Idara ya Misitu, alilitembelea eneo hilo na mwaka 1922 akapendekeza kinyume chake, kwamba mtumbwi uendelee kuwa chombo cha usafiri humo. Mwaka 1926 Waziri wa Kilimo, William Jardine, aliamuru ekari 640,000 zibaki bila barabara.

Barabara zikazuiwa, yakaja mabwawa. Tajiri wa viwanda vya mbao na karatasi, Edward Backus, alitaka kujenga mfululizo wa mabwawa ya umeme ambayo yangeinua maji na kuvizamisha visiwa, maporomoko na vipito. Aliyesimama mbele yake ni Ernest Oberholtzer, mtu asiye na mali wala cheo. Mwaka 1912 Oberholtzer alikuwa amesafiri kwa mtumbwi maili 2,000 hadi Ghuba ya Hudson na kurudi, akiwa na mwenzi mmoja tu, Mojibwe aliyejulikana kwa jina la Billy Magee. Mwaka 1930 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza kuvuruga kiwango cha maji na kukata miti karibu na ufuko wa maziwa katika ardhi ya serikali. Mpango wa Backus ukafa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hatari ilishuka kutoka mbinguni. Mji wa Ely ulijaa ndege zinazotua majini, na mvuvi tajiri aliweza kulifikia kwa dakika chache ziwa ambalo mpiga kafi alilifikia kwa siku tatu. Mwandishi Sigurd Olson, aliyekuwa pia kiongozi wa watalii, aliongoza upinzani. Tarehe 17 Desemba 1949 Rais Harry Truman alipiga marufuku ndege kuruka chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari juu ya eneo hilo.

Wakati huo huo zana zenyewe zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1944 William Hoffman, ofisa wa kiwanda cha ndege cha Grumman, alichoka kuubeba mtumbwi wake mzito wa mbao na turubai katika milima ya Adirondack. Akafikiria kuuunda mwingine kwa alumini, ile ile iliyotumika kuundia ndege za vita. Mwaka uliofuata mitumbwi ya alumini ilianza kuuzwa. Haikuoza wala haikuhitaji kukalafatiwa, nayo ilivumilia kugongwa na mawe na kutumiwa na wasiojua. Baadaye ikaja mitumbwi ya Kevlar, nyuzi zilizogunduliwa na mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965. Mtumbwi wa watu wawili ukapungua hadi kilo 20 hivi, na mtu mmoja akaweza kuubeba begani bila kuugua. Watu waliokuwa wakihesabika kwa mamia wakawa maelfu kwa maelfu, na pamoja nao takataka na mioto. Mwaka 1971 makopo na chupa za kutupwa vikapigwa marufuku.

Sheria ya mapori ya mwaka 1964 ililitaja eneo hilo, lakini iliacha mwanya wa mota na ukataji wa magogo. Mwanya huo ulileta pambano kali kuliko yote. Wakazi wa Ely walisema wanaharakati wa mijini wanataka kuwanyang'anya riziki na mazoea yao. Mwaka 1977, katika kikao cha hadhara mjini humo, sanamu ya Sigurd Olson ilinyongwa mbele ya umati, katika mji ambao yeye mwenyewe aliishi. Tarehe 21 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria mpya iliyokomesha ukataji magogo, ikazuia uchimbaji madini ndani ya eneo, na kuziachia mota maziwa machache tu. Mwanamke mmoja, Dorothy Molter, muuguzi aliyeishi peke yake kisiwani katika Ziwa Knife na kuwauzia wapiga kafi soda aliyoitengeneza mwenyewe kwa mizizi, aliruhusiwa kubaki humo hadi kifo chake mwaka 1986. Wenye hoteli na nyumba nyingine walikuwa wamenunuliwa na kuondoka.

Nao Waojibwe? Mwaka 1915 serikali ya Ontario iliifuta ardhi iliyotengwa kwa ajili yao ndani ya Quetico, na ilikuwa mwaka 1991 ndipo ilipowaomba radhi. Upande wa Marekani, haki za mkataba wa 1854 zingalipo, nao huzitaja kila linapozuka suala la madini ya shaba na nikeli yaliyo jirani na maziwa. Mwezi Januari 2023 serikali ya Marekani iliamuru zaidi ya ekari 225,000 za msitu wa jirani zisichimbwe kwa miaka 20. Wapinzani wa agizo hilo walianza mara moja kutafuta njia ya kulifuta Bungeni, wakitaja ajira, kama walivyotaja watangulizi wao katika mwaka 1926, 1949 na 1978.

Leo msafiri wa majira ya kiangazi huchukua kibali chenye siku na mahali pa kuingilia. Kundi halizidi watu tisa wala mitumbwi minne. Kibali hakiulizi ukoo wala lugha. Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, ikiwa unaishi huko na siku moja ukaenda na watoto wako, vaeni majaketi ya kuokolea maisha, kwani maji hayo ni baridi hata mwezi wa Juni. Na mtakapofika kwenye kipito cha kwanza na mtumbwi ukalala begani, waambieni watoto kwamba njia wanayoikanyaga ina wenyewe, na wenyewe hao wangalipo.