Kabla ya Sidiria Kufika Kegonga

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke wa Kikuria aliyelima wimbi kwenye miinuko ya Kegonga, kusini-magharibi mwa Kenya, alivaa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, na kifua wazi hakikumshangaza mtu. Kule kando ya Ziwa Victoria, mke wa Kijaluo alitambulika kwa chieno, mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni. Matiti yalikuwa ya kunyonyesha. Aibu ilikaa kwingine kabisa.

Mwaka 1906 Arthur Carscallen alifungua misheni ya Waadventista huko Gendia, karibu na Kendu Bay. Kusoma na kuvaa nguo vikaenda pamoja. Gauni lilitangulia; sidiria, ambayo Mary Phelps Jacob aliipatia hataza Marekani mwaka 1914, ilifuata baadaye.

Leo penye mitumba mnunuzi huvuta mkanda wa sidiria, akabonyeza waya, akapima kwa macho. Akifika nyumbani jioni huifungulia ndani ya blauzi, akaichomoa kupitia mkono wa nguo na kujifunga leso. Ana haki kabisa. Wapo wanaoivaa kanisani na ofisini tu. Shambani hawaitaki, kwani mkanda uliolowa jasho huchubua ngozi.