Usimbaji Fiche wa Diski na Ufunguo wa Urejeshaji

Usimbaji fiche wa diski ni utaratibu wa kugeuza data yote iliyomo katika diski ya kompyuta kuwa alama zisizosomeka bila ufunguo maalumu. Mafaili hubaki palepale yalipokuwa, lakini asiye na ufunguo haambulii chochote chenye maana. Istilahi hii ni tafsiri ya neno la Kiingereza encryption. Kusimba ni kuandika kwa msimbo, na msimbo si lazima uwe siri: msimbo wa Morse husomwa na yeyote aliyejifunza. Ndiyo sababu neno fiche huongezwa, ili kuonyesha kwamba data imefichwa kwa makusudi. Kurudisha data katika hali ya kusomeka ni kusimbua, kwa mnyambuliko uleule wa kufumba na kufumbua.

Usimbaji fiche usichanganywe na nenosiri la kuingilia. Nenosiri peke yake humzuia mtu mlangoni tu. Fundi akiichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, mafaili yote husomeka. Diski iliyosimbwa haifunguki kwa njia hiyo. Katika Windows kazi hii hufanywa na BitLocker, iliyotoka pamoja na Windows Vista. Kompyuta za Apple zina FileVault, na Linux ina LUKS. Zote hutegemea kanuni ya AES, iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kupitishwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001. Hakuna kompyuta iliyopo leo inayoweza kukisia ufunguo wake.

Zamani mtumiaji ndiye aliyeamua kuwasha ulinzi huu. Siku hizi mara nyingi huja ukiwa umewashwa tayari. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, kompyuta nyingi mpya, au zilizowekewa mfumo upya, husimba diski yake mara mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft wakati wa kuiandaa. Ufunguo wa urejeshaji huhifadhiwa katika akaunti hiyo. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Mwalimu wa Wanyange, nchini Uganda, anaponunua kompyuta mpakato mjini Jinja na muuzaji akamwandalia kila kitu kwa akaunti ya duka, ufunguo wa mafaili ya mwalimu unabaki kwa muuzaji, na mwalimu hana habari kwamba upo.

Kwa kawaida ufunguo hauulizwi. Unatunzwa na chipu iitwayo TPM, iliyo kwenye ubao mama au ndani ya prosesa. Kila kompyuta inapowashwa, chipu hupokea vipimo vya hali ya mashine: programu ya msingi iliyomo ndani yake, mipangilio ya uwashaji salama (Secure Boot), na mpangilio wa kuanza kwa mfumo. Vipimo vikilingana na vya awali, chipu hutoa ufunguo kimyakimya. Visipolingana, huuzuia, kwa kuwa haiwezi kutofautisha mwizi na fundi.

Kwa sababu hiyo, kupotea kwa mipangilio ya programu ya msingi, ambako zamani kulikuwa usumbufu mdogo, sasa kunaweza kumfungia mtu nje ya kazi zake. Kwenye ubao mama wa kompyuta nyingi kuna betri ya duara aina ya CR2032, yenye volti 3, inayoendesha saa mashine ikiwa haina umeme. Betri ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi, na katika baadhi ya kompyuta mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani. Mipangilio hiyo ya kiwandani ikiwa huzima TPM au uwashaji salama, kompyuta iliyofanya kazi jana inafungua skrini ya buluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48, zilizopangwa katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Matokeo huweza kuwa hayohayo ubao mama ukibadilishwa au programu ya msingi ikisasishwa.

Katika hali hiyo hatua ya kwanza ni kuingia kwenye mipangilio hiyo ya programu ya msingi na kuirudisha kama ilivyokuwa: tarehe sahihi, TPM iwashwe, uwashaji salama uwashwe. Mara nyingi kompyuta hufunguka bila kudai ufunguo tena. Kosa kubwa ni kukubali amri ya kufuta yaliyomo kwenye TPM bila kuwa na ufunguo wa urejeshaji, kwa kuwa kilichofutwa humo hakirudi.

Tatizo hili halimpati mtu mmoja mmoja tu. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani kote. Dawa yake ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini palipokuwa na diski zilizosimbwa, mafundi walihitaji kwanza ufunguo wa kila kompyuta. Taasisi ambazo orodha ya funguo ilikuwa ndani ya seva zilizoanguka zilikwama zaidi.

Hayo hayatoshi kuwa sababu ya kuzima usimbaji fiche. Kompyuta ya shule ya Jinja au ya zahanati ya Mbale hubeba alama za wanafunzi na taarifa za wagonjwa, na kompyuta huibwa. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee na zisifikiwe na wasiohusika. Usimbaji fiche unatimiza sharti la pili pekee. La kwanza linatimizwa na nakala rudufu, iliyo kwenye diski nyingine na mahali pengine.

Mwenye kompyuta ya Windows 11 aangalie katika mipangilio ya Windows, sehemu ya faragha na usalama, kama diski yake imesimbwa. Ikiwa imesimbwa, atafute ufunguo katika akaunti yake mwenyewe, auchapishe, na karatasi hiyo aiweke pamoja na hati muhimu za nyumbani au za ofisi, kamwe isiwe ndani ya mfuko wa kompyuta hiyohiyo. Kabla ya kuipeleka kwa fundi, asitishe BitLocker kwa muda ikiwa toleo lake linaruhusu, kisha aiendeleze matengenezo yakiisha. Kazi hii ya kuhifadhi ufunguo ifanywe leo, kompyuta ikiwa inawaka, kwa maana ufunguo usiohifadhiwa mapema hakuna fundi wa Jinja, wa Mbale wala wa ng'ambo anayeweza kuutengeneza.